Niliyojifunza kwa kusimika masanduku ya barua Ohio

Mswahili akinunua nyumba yake ya kwanza Marekani huikagua kuanzia paa hadi bomba la choo. Sanduku la barua lililosimama kule kando ya barabara halimshughulishi hata kidogo. Ni la bati, limeinama kidogo, lina kibendera chekundu ubavuni, basi. Simu yangu hulia baadaye, barua zikishakatika. "Fundi, hawa posta wamenisusa, sijaona hata bili." Mimi hufanya kazi ndogondogo za nyumba hapa Ohio, uzio, milango, ngazi za mbao, na kwa kuwa naongea Kiswahili, kila Mtanzania, Mkenya au Mkongo wa mji huu aliyegombana na sanduku lake huishia kwangu. Kabla sijawasha gari namwuliza kama wamemwachia karatasi.

Kwa kawaida wamemwachia, naye ameitupa pamoja na matangazo ya maduka. Karatasi yenyewe ni Fomu 4056. Tarishi huweka alama kwenye kasoro aliyoiona: sanduku liko chini mno, mlango haufungi, nguzo imelala, namba hazisomeki, njia ya kulifikia imezibwa. Ni onyo la adabu, lakini ni onyo. Usiporekebisha, posta wana haki ya kukushikia barua zako ofisini kwao mpaka sanduku likae sawa.

Hapo ndipo wengi wetu hukasirika, nami naielewa hasira yao. Tumekulia kwenye S.L.P. Sanduku ni la posta, unalilipia kila mwaka, liko ukutani mjini pamoja na mia ya wenzake, na wewe ndiye unayelifuata na ufunguo mfukoni. Huku mambo yamegeuzwa. Posta ndiyo inayokufuata, ila sanduku unanunua wewe, nguzo unachimbia wewe, likiangushwa unalisimamisha wewe, na hata msumari mmoja hawakupi. Halafu ukishamaliza kulisimika kwa fedha yako, sheria inasema wewe mwenyewe huna ruhusa ya kulitumia upendavyo. Mteja mmoja aliniambia huo ni wizi wa mchana. Nilimjibu asubiri nimalize kupima, tutazungumza.

Kwa miaka niliyofanya kazi hii nimeona kwamba masharti yote ya sanduku la barua yametoka kwenye vitu viwili tu. Cha kwanza ni mkono wa mtu aliyekaa ndani ya gari. Cha pili ni gari la mtu mwingine kabisa, ambalo siku moja litaacha barabara usiku na kuivamia nguzo yako. Ukivishika hivyo viwili, huna haja ya kukariri kitabu.

Tuanze na mkono. Yale magari meupe ya posta yenye umbo la mkate, yaliyotengenezwa na Grumman na kuanza kazi mwaka 1987, yana usukani upande wa kulia, kama magari ya kwetu. Mwafrika Mashariki akiliona mara ya kwanza hufurahi kana kwamba ameonana na ndugu. Lakini sababu yake ni nyingine. Marekani magari hupita kulia, kwa hiyo ukingo wa barabara uko kulia kwa dereva, na tarishi anatakiwa kufikia sanduku bila kushuka. Ndiyo maana usukani umehamishiwa huko. Vijijini wapo matarishi wanaotumia magari yao wenyewe ya kawaida, na wengine hukaa kiti cha abiria, mguu wa kushoto wameunyoosha hadi kwenye pedali, mkono wa kushoto kwenye usukani, mkono wa kulia nje ya dirisha. Nimemwona mmoja akifanya hivyo nikabaki kinywa wazi.

Kwa hiyo sanduku linakaa upande wa kulia wa barabara kwa jinsi tarishi anavyopita, hata kama nyumba yako iko upande wa pili. Kimo chake ni inchi 41 hadi 45, yaani sentimita 104 hadi 114 hivi, kutoka kwenye lami hadi chini ya sanduku au pale barua inapoingilia. Rudia hapo: kutoka kwenye lami. Simu nyingi ninazopigiwa zinatokana na mtu aliyepima kutoka kwenye majani miguuni pake. Bega la barabara mara nyingi liko chini kuliko lami, na karibu na mtaro linaweza kuwa chini kwa kiganja kizima. Ukipima kutoka hapo unapata sanduku ambalo wewe ukisimama kando yake unaliona liko sawasawa, lakini tarishi aliye ndani ya gari analiinamia. Mimi hulaza ubao ulionyooka juu ya lami, nikautokeza hadi mahali nguzo itakaposimama, nikaweka pimamaji juu yake, kisha nikapima kwenda juu kutoka ubaoni. Ni kazi ya dakika mbili, na inamaliza ubishi wote na mwenye nyumba.

Kipimo cha pili ni umbali. Uso wa mlango wa sanduku unatakiwa kuwa inchi 6 hadi 8 nyuma ya ukingo wa zege wa barabara, kama sentimita 15 hadi 20. Hapa pia watu hukosea kwa kupima nguzo. Nguzo haina kipimo hicho, mlango ndio wenye kipimo. Sanduku lina urefu wake na linatokeza mbele ya nguzo, kwa hiyo nguzo itasimama nyuma zaidi, na ni lazima ujue urefu wa sanduku ulilonunua kabla ya kutoboa ardhi. Nunua sanduku kwanza, chimba baadaye. Mahali ambapo barabara haina ukingo wa zege, mambo ya inchi 6 au 8 hayana pa kuanzia, na hapo unakwenda kumwuliza postamasta wa eneo lako anataka likae wapi. Kwa kweli kumwuliza postamasta ni vizuri hata penye ukingo, kwa sababu sanduku jipya au linalohamishwa linahitaji kibali cha ofisi yake. Wateja wangu hudhani ni kujipeleka polisi. Sijawahi kuona postamasta aliyechukia kuulizwa, maana anajua asipoulizwa leo ataletewa malalamiko kesho.

Mimi hulenga inchi 43. Si kwamba sheria inataka hivyo, ila najiachia inchi mbili juu na mbili chini. Ardhi ya huku haitulii. Maji yakiganda ndani ya udongo wakati wa baridi hutanuka na kuinua chochote kilichochimbiwa, yakiyeyuka udongo unalegea na nguzo inaelemea upande. Halafu kuna jambo ambalo halisemwi sana: barabara yenyewe huinuka. Manispaa wakija kumwaga tabaka jipya la lami, sanduku lako limeshuka bila kuguswa na mtu. Nilipigiwa simu na dada mmoja aliyeapa kwamba sanduku lake halijawahi kusogezwa tangu anunue nyumba, na alikuwa anasema kweli tupu. Tuliangalia lami, ilikuwa mpya, nyeusi tii, na ile karatasi ya tarishi ilikuwa imefika baada ya hapo.

Inasaidia kujua mambo haya yalianzaje, kwa sababu wengi hufikiri ni urasimu wa watu waliokosa kazi. Hadi mwishoni mwa karne ya 19 mkulima wa Marekani alifuata barua zake mjini, kama sisi na S.L.P. zetu. Huduma ya kupelekewa bure vijijini ilianza kwa majaribio tarehe 1 Oktoba 1896 huko West Virginia, ikafanywa ya kudumu mwaka 1902. Wakulima wakaambiwa waweke kitu barabarani cha kutilia barua, nao wakaweka walichokuwa nacho: ndoo za mafuta ya nguruwe, makopo ya shira, makasha ya sabuni na ya sigara. Hebu fikiria tarishi wa farasi anayekutana na chombo tofauti kila lango, kingine kimejaa maji ya mvua. Mwaka 1915 mhandisi wa posta aitwaye Roy Joroleman alichora lile sanduku la bati lenye mgongo wa mviringo, ambalo mvua inateleza juu yake na mlango unafunguka kwa mbele. Ni lilelile linalouzwa leo. Mjini nako matarishi walikuwa wakigonga mlango na kusimama wakingoja mwenye nyumba afungue, kupoteza muda kila siku, mpaka mwaka 1923 kila nyumba ya mjini ilipotakiwa kuwa na sanduku au tundu la barua mlangoni. Kila sharti lina mtu aliyechoka nyuma yake.

Kibendera nacho kinawachanganya wageni kuliko kitu kingine. Watu husubiri kisimame wajue kuna barua. Wanakiangalia dirishani, kimelala, wanakwenda zao, na barua zinarundikana. Kibendera ni cha kwako kumwita tarishi: unapokuwa na barua ya kutuma, umeibandika stempu, unaiweka ndani na kusimamisha kibendera, naye akipita anaichukua na kukilaza. Ukiwa umesimama mbele ya sanduku ukitazama mlango, kibendera kinatakiwa kuwa mkono wako wa kulia. Siku hizi nawashauri watu wasitume hundi kwa njia hii. Kibendera kilichosimama kinamwambia mwizi vilevile kinavyomwambia tarishi. Hundi ipeleke ndani ya ofisi ya posta mwenyewe.

Sasa nguzo, na hapa ndipo kile kitu cha pili, gari la mtu mwingine, kinapoingia.

Mzee mmoja mstaafu aliniita nimjengee sanduku. Nilimkuta ameshanunua matofali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeiona hiyo mibati ya majirani? Kila baridi inaangushwa, kila masika wananunua mingine. Mimi nataka mnara. Weka nondo ndani, mwaga zege, hata lori ligonge lirudi lilikotoka."

"Mzee, hapo kwenye kurudi ndipo penye kesi."

Hakunielewa mara moja. Nilimwonyesha ile ardhi kati ya uwanja wake na lami, nikamwambia kwamba hapo pana hifadhi ya barabara, kama kwetu, tofauti ni kwamba hawakupigi alama ya X ukutani. Yeye anakata majani yake, lakini sanduku linasimama pale kwa kuruhusiwa, na anayeruhusu anajua kwamba magari huteleza. Posta inaelekeza nguzo ya mbao isizidi inchi 4 kwa 4, ile wauza mbao wanayoiita nne kwa nne, au bomba la kawaida la chuma au alumini lenye kipenyo cha inchi 2, na isichimbiwe kwenda chini zaidi ya inchi 24. Vitu vya kuepuka imevitaja kwa majina: bomba zito la chuma, nguzo ya zege, na zana za shambani kama mkebe wa maziwa uliojazwa zege. Ukiona maelekezo ya serikali yanataja mkebe wa maziwa uliojazwa zege, ujue wakulima walikuwa wanafanya hivyo kweli. Lengo ni nguzo ikubali kuvunjika au kulala ikigongwa. Na sanduku lenyewe lifungwe imara kwenye nguzo, lisije likachomoka na kuingia kwenye kioo cha mbele cha gari.

Mzee alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo sheria inamlinda mlevi."

"Inamlinda mlevi, mzee, na mtoto aliyelala kiti cha nyuma."

"Na mimi nani ananilinda?"

Nikamjibu kwamba yeye analindwa na kutoshtakiwa. Mtu akiumia kwenye mnara wako, wakili wake hataanza kwa kuuliza dereva alikuwa anakwenda kasi gani, ataanza kwa kuuliza nani aliyejenga mnara kwenye hifadhi ya barabara. Yale matofali tuliyatumia kuzungushia bustani ya maua karibu na ngazi ya nyumba, na barabarani nikamwekea nne kwa nne ya mbao iliyotiwa dawa, nikamchongea kofia ya juu ili na yeye awe na kitu cha kujivunia. Najua utaona minara ya matofali mitaa mingine, imesimama miaka na miaka. Kuwapo kwake hakumaanishi imekubaliwa. Huenda haijagongwa tu.

Hizo inchi 24 zinanisumbua kama fundi, nakiri. Ninapojenga uzio hapa Ohio nachimba hadi karibu futi tatu, nifike chini ya udongo unaoganda, ili nguzo isiinuliwe. Kwa sanduku la barua siruhusiwi kufika huko. Usalama wa barabara unataka shimo fupi, majira ya baridi yanataka shimo refu, na barabara ndiyo yenye neno la mwisho. Kwa hiyo sanduku ni kitu cha kurekebishwa kila mwaka, si cha kusimikwa na kusahauliwa. Sipendi kumwaga zege kwenye shimo lake. Idara nyingi za barabara hazilitaki, na siku ya kubadilisha nguzo ndiyo utajua kwa nini mafundi nao hawalitaki, utakapokuwa unang'oa jiwe la kilo arobaini kwa mtaimbo. Mimi hutia kokoto chini maji yapate pa kupitia, kisha narudisha udongo kidogokidogo nikiushindilia kila tabaka, timazi ikiwa imening'inia muda wote.

Lakini kabla ya shimo lolote, piga 811. Namba hiyo ni ya nchi nzima, imetumika tangu 2007, na huduma yake ni ya bure. Unawaambia unataka kuchimba wapi, siku chache za kazi kabla, nao wanawaita wenye mabomba na nyaya zilizopita chini waje kupaka rangi ardhini: nyekundu ni umeme, njano ni gesi, buluu ni maji ya kunywa, chungwa ni simu na intaneti, kijani ni majitaka. Mwanaume mmoja kijana, mwenye haraka zake, aliniambia, "Kaka, shimo la futi mbili tu, watu wa nini?" Walipokuja, mstari wa njano ulipita nusu hatua kutoka kwenye kigingi nilichokuwa nimekipigilia. Hakuongea tena. Tulihamisha kigingi. Kando ya barabara ndiko kunakopitishwa kila kitu, ndiyo maana hata shimo dogo la sanduku la barua ni la kuulizia.

Theluji ina habari yake. Gari la kusukuma theluji likipita kwa kasi, ile theluji nzito yenye maji inarushwa pembeni kwa nguvu ya kutosha kuangusha sanduku bila chuma kuligusa. Mitaa mingi, idara ya barabara hukulipa au kukusimamishia jingine endapo jembe lenyewe limegonga, lakini si kwa theluji iliyorushwa, na wanajua kutofautisha kwa kuangalia alama. Kabla ya baridi kuingia, tikisa nguzo kwa mkono. Ikicheza, haitafika Machi. Halafu theluji ikishaanguka ni wajibu wako kufukua mbele ya sanduku, na si tobo la kupitisha mkono bali nafasi ya gari kuingia, kusimama na kutoka bila kurudi nyuma. Vivyo hivyo kwa gari la mgeni wako lililoegeshwa mbele ya sanduku na pipa la taka siku ya kuzoa. Tarishi akishindwa kulifikia kutoka kwenye kiti chake, anaruhusiwa kupita bila kukuachia kitu.

Namba za nyumba ni jambo dogo na ndilo linalopoteza barua nyingi. Tarakimu ziwe na kimo cha inchi 1 kwenda juu, zisomeke kutoka upande tarishi anakotokea. Sanduku likiwa mtaa tofauti na nyumba, kama inavyotokea kwenye nyumba za kona, andika anwani kamili, jina la mtaa pamoja na namba. Na sisi wa majina matatu, ambao barua moja imeandikwa kwa jina la baba na nyingine kwa la ukoo, tuna kazi ya ziada. Kadi ya ukaazi wa kudumu huja kwa posta. Mtu amengoja miaka, halafu kadi inarudishwa ilikotoka kwa sababu tarishi hakuitambua familia inayokaa pale. Mimi huwaambia wateja wangu wanaokaa watu wa majina tofauti nyumba moja waweke karatasi ndogo ndani ya sanduku, yenye majina yote ya wanaopokea barua hapo. Hakuna tarishi atakayekasirishwa na hilo.

Nilisema nitarudi kwenye ule wizi wa mchana. Nikiwa nafunga bawaba kwa mama mmoja, alitoka na bahasha nzuri za kadi, mialiko ya mahafali ya bintiye, akaniomba nikiondoka nizitie kwenye masanduku ya majirani njiani. Hazikuwa na stempu.

"Mama, hizo gonga mlango."

"Kwani sanduku si la jirani yangu? Yeye mwenyewe atakubali."

Sanduku ni la jirani, lakini ndani yake, sheria ya shirikisho inasema kitu kisicholipiwa stempu hakiingii, na anayekiingiza anaweza kutozwa faini. Vyama vya wakazi wa Greenburgh, New York, waliona kama mama huyu alivyoona. Walikuwa wakitia matangazo yao kwenye masanduku ya wenzao, wakaenda mahakamani wakidai wananyimwa uhuru wa kusema. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1981 wakashindwa: sanduku, hata ukilinunua wewe, ukishaliweka kupokea barua ni sehemu ya mfumo wa posta. Binafsi naona hukumu hiyo inambana mtu mdogo kuliko mfanyabiashara mkubwa mwenye fedha za stempu, lakini ndiyo iliyopo. Upande wa pili wa sarafu ni kwamba sheria hiyohiyo inalilinda sanduku lako. Vijana wanaopita na gari usiku wakivunja masanduku kwa virungu vya besiboli wanafanya kosa la shirikisho lenye kifungo cha hadi miaka 3, na kuiba barua ni hadi miaka 5. Mama alizipeleka kadi kwa mkono, na nadhani alikula vitafunwa nyumba tatu.

Gazeti unaruhusiwa kuliwekea bomba au kikasha chake kwenye nguzo ileile, ilimradi kisiguse sanduku wala kumzuia tarishi.

Wizi ukizidi, watu wanataka kufuli. Inaruhusiwa, ila tarishi hachukui funguo ya mtu wala hafungui kufuli. Kwa hiyo sanduku la kufuli linahitaji tundu la kutumbukizia, lenye upana wa angalau inchi 10 na kimo cha inchi 1.75, na tumbo la kutosha barua za siku. Wateja hununua lenye tundu jembamba kwa sababu linaonekana salama zaidi, kisha bahasha za kazi zinabaki nje zimekunjwa. Kabla ya kununua sanduku lolote, angalia muhuri wa kibali cha posta, ule unaotaja idhini ya Postmaster General, yaani mkuu wa posta wa nchi nzima. Ukitaka kujitengenezea la kwako, au kununua la umbo la nyumba au la samaki, mpelekee postamasta alione kabla hujaligongelea.

Kwenye nyumba za zamani karibu na katikati ya mji bado kuna sanduku la ukutani au tundu la mlangoni, na tarishi anakuja kwa miguu. Tundu linatakiwa liwe na inchi 7 kwa 1.5 angalau, na ukingo wake wa chini uwe inchi 30 au zaidi kutoka sakafuni. La ukutani liwe karibu na mlango mkuu, lionekane. Kama nyumba yako iko hivyo, usijiamulie kulihamishia barabarani wala kinyume chake bila kuuliza. Na ukiwa kwenye mtaa wenye chama cha wenye nyumba, wao nao watakuwa na rangi wanayoitaka na umbo wanalolitaka. Wasomee masharti yao, lakini jua kwamba hawawezi kukuruhusu kile ambacho posta imekataa.

Posta hutenga wiki ya tatu ya Mei kila mwaka kuwahimiza watu watengeneze masanduku yao. Ni wakati uliochaguliwa na mtu anayeijua ardhi ya huku: theluji imekwisha, udongo umetulia, nguzo imeshaelemea inakotaka kuelemea. Mei mimi huwa sina Jumamosi. Nakaza skrubu, napaka rangi kutu, nabadilisha bawaba, napima upya kutoka kwenye lami.

Kazi hiyo inapungua, hata hivyo. Kwenye mitaa inayojengwa sasa posta inataka masanduku ya pamoja, kabati moja la chuma mwanzo wa mtaa lenye vyumba vya familia nyingi, kila moja na ufunguo wake. Hakuna cha kuchimba na hakuna inchi ya kubishania. Mzee yule wa matofali alipohamia huko kwa mwanawe alinipigia akicheka kwamba hatimaye Wamarekani wamerudi kwenye S.L.P. Wanaonipigia kutoka mitaa hiyo mara zote wamepoteza ufunguo, nami huwaambia waulize ofisi yao ya posta au wasimamizi wa mtaa, maana kitasa hicho si changu kukigusa.